Chuo kimesajiliwa na kinapokea wageni: je, kina ithibati?

*"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB na nimepata barua ya udahili ya chuo binafsi kilichopo Texas, Marekani, kusomea shahada ya uuguzi. Kwenye tovuti yao wameandika kwamba chuo kimesajiliwa na jimbo, kina kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni, na ni mwanachama wa baraza la kimataifa la ithibati. Wanataka dola 1,500 ndani ya siku kumi ili wanishikie nafasi, na baba ameshaanza kutafuta mteja wa kiwanja. Mjomba anasema chuo chochote cha Marekani ni halali, serikali yao isingeruhusu utapeli. Rafiki yangu anayesoma Ohio anasema niangalie kama kina ithibati ya kikanda, la sivyo cheti changu kitakuwa karatasi tu. Nani yuko sahihi? Na kikinyang'anywa ithibati nikiwa mwaka wa pili, inakuwaje?"*

Marahaba, binti. Kwanza kabisa, mwombe baba asiuze kiwanja wiki hii. Zile siku kumi wamezipanga wao, na chuo kinachojiamini hakikasiriki mwombaji akiomba muda wa kuhakiki. Mambo mengi unayohitaji kujua yanapatikana bure, kwa jioni moja au mbili za kukaa kwenye intaneti na barua pepe chache.

Umeuliza maswali mawili, lakini naona wasiwasi mmoja: baada ya miaka minne na fedha za kiwanja kwisha, je, kuna mtu atakayekikubali hicho cheti? Bodi inayotoa leseni za uuguzi itakikubali? Chuo kingine kitakubali krediti zako, yaani hesabu ya masomo uliyokwisha kufaulu, ukitaka kuhama? Chuo cha uzamili? Mwajiri? TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ukirudi nyumbani na kuomba shahada yako itambuliwe? Ithibati, yaani uthibitisho kwamba chuo kimekaguliwa na kukidhi viwango, ndicho kitu ambacho hawa wote huanza nacho. Kwa hiyo unapokagua chuo, anzia mwisho wa safari: nani atakishika cheti hiki mkononi, na atataka kuona nini.

Mjomba nianze naye, kwa sababu kosa lake wengi wanalo. Sisi tumezoea kuwa na tume ya serikali inayosimamia vyuo vikuu vyote, kwa hiyo tunadhani na Marekani ni hivyo hivyo. Sivyo. Wizara ya Elimu ya Marekani haitoi ithibati kwa chuo hata kimoja. Kazi hiyo hufanywa na vyombo binafsi visivyo vya serikali, ambavyo vilianzishwa na vyuo na shule zenyewe. Kile cha New England kilianza mwaka 1885. Serikali iliingia baadaye, kwa sababu ya fedha. Sheria ya mwaka 1944 iliwalipia karo askari waliorudi vitani, na shule za kila aina zikachipuka kufuata hizo fedha, nyingine hazina walimu wa maana. Mwaka 1952, serikali ilipowatungia sheria kama hiyo askari wa vita vya Korea, ilianza kutegemea orodha ya vyombo vya ithibati inavyoviamini. Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965 ikaupanua mpango huo hadi kwenye mikopo na misaada ya wanafunzi wote. Mpaka leo ndivyo ilivyo: Wizara huvitambua vyombo, na vyombo ndivyo hukagua vyuo. Kuna pia CHEA, baraza lisilo la serikali lililoundwa mwaka 1996, ambalo nalo hutambua vyombo hivyo kwa vigezo vyake.

Ukaguzi wenyewe una uzito. Chuo hujitathmini kwanza na kuandika ripoti ndefu. Kisha wahadhiri na viongozi wa vyuo vingine huja kukaa siku kadhaa, wanazungumza na wanafunzi, wanaangalia sifa za walimu, hesabu za fedha, maktaba, na idadi ya wanaomaliza masomo. Baada ya hapo bodi ya chombo hupiga kura. Chuo kikipita hukaguliwa tena baada ya miaka kadhaa, mara nyingi isiyozidi kumi, na katikati huendelea kutuma ripoti. Ila kisheria chuo huingia kwenye mchakato huu kwa hiari. Kinachokisukuma ni kwamba bila ithibati wanafunzi wake hawapati mikopo ya serikali kuu. Chuo kisichojali mikopo hiyo, kwa mfano kinacholenga wageni wanaolipa taslimu kama wewe, hakina msukumo huo. Hapo ndipo imani ya mjomba inapovunjika.

Sasa turudi kwenye ile sentensi ya tovuti yao. Nimeisoma mara kadhaa. Ina madai matatu. Yote matatu yanaweza kuwa kweli, na bado chuo kikawa hakina ithibati.

"Kimesajiliwa na jimbo." Kila jimbo la Marekani lina utaratibu wake wa kuruhusu chuo kifungue milango. Majimbo mengine hubana sana, mengine hulegeza. Kibali cha jimbo ni ruhusa ya kufanya kazi, mfano wa leseni ya biashara. Texas ni miongoni mwa majimbo makali: bodi yake ya uratibu wa elimu ya juu huchapisha orodha ya vyuo ambavyo vyeti vyake ni kosa kuvitumia katika jimbo hilo. Pitia orodha hiyo. Lakini chuo chako kisipokuwemo, bado hujathibitisha ithibati. Umethibitisha tu kwamba hakimo kwenye orodha ya wabaya.

"Kina kibali cha kupokea wanafunzi wa kigeni." Hapa ndipo familia nyingi hudanganyika, kwa sababu kibali hiki hutoka serikalini kweli. Hutolewa na SEVP, mpango ulio chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani, na ndicho kinachokiruhusu chuo kukupa fomu ya I-20 ya kuombea F-1, yaani viza ya mwanafunzi. Lakini SEVP ni jambo la uhamiaji. Kuna chuo kilichoitwa Tri-Valley University, katika mji wa Pleasanton, California. Kilikuwa na kibali hicho, kikatoa I-20 kwa zaidi ya wanafunzi elfu moja, wengi wao kutoka India, na hakikuwa na ithibati. Januari 2011 maofisa walikivamia. Wanafunzi wakajikuta bila hadhi ya kuishi nchini humo, baadhi wakafungwa mguuni vifaa vya kuwafuatilia. Mwanzilishi wake alihukumiwa mwaka 2014 kifungo cha zaidi ya miaka 16, lakini hukumu hiyo haikumrudishia mwanafunzi hata muhula mmoja. Kwa hiyo hata ukiishika I-20 mkononi, hata ubalozi ukikupa viza, swali la ithibati bado halijajibiwa.

"Ni mwanachama wa baraza la kimataifa la ithibati." Hili ndilo linalonitia hofu zaidi. Kwa shahada inayotolewa Marekani, chombo chenye uzito ni kile kinachotambuliwa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo au na CHEA. Neno "kimataifa" haliongezi chochote. Na uanachama si ithibati. Mtu hulipa ada akawa mwanachama. Mbaya zaidi, wapo wanaobuni vyombo vya ithibati ili viviidhinishe vyuo vyao vya kubuni. Mwaka 2015 gazeti la New York Times liliianika kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, iliyokuwa ikiendesha mamia ya tovuti za vyuo hewa, na pembeni yake tovuti za vyombo hewa vya ithibati vya kuvishuhudia. Mtu akibonyeza kiungo cha kuhakiki, alipelekwa kwa mshirika wa tapeli yuleyule.

Kwa sababu hiyo, usihakiki kupitia viungo vya tovuti ya chuo. Andika mwenyewe anwani ya hifadhidata ya Wizara ya Elimu ya Marekani inayoitwa DAPIP, au orodha ya CHEA, utafute jina la chuo humo. Pia usitulizwe na anwani inayoishia na .edu. Tangu mwaka 2001 anwani hizo hutolewa kwa taasisi za Marekani zenye ithibati inayotambulika, lakini waliokuwa nazo kabla ya hapo waliachiwa.

Ukikikuta chuo kwenye hifadhidata, usifurahi na kufunga kompyuta. Nenda kwenye tovuti ya chombo chenyewe cha ithibati, ufungue ukurasa wa chuo hicho, usome polepole. Jina lilingane herufi kwa herufi na lililo kwenye barua yako ya udahili, kwa maana matapeli hupenda majina yanayofanana na ya vyuo vikongwe. Mji na kampasi vilingane. Angalia mwaka kilipopewa ithibati na mwaka wa ukaguzi ujao. Angalia hadhi yake: "mwombaji" ni chuo kilichopeleka maombi tu, na "mgombea" ni kile kilichokubaliwa kuingia kwenye mchakato lakini hakijamaliza. Hadhi ya ugombea inayotolewa na chombo kinachotambulika ni hatua ya kweli, ila si ithibati kamili na inaweza kuishia njiani. Halafu angalia kitu ambacho wengi hukipita: ithibati imetolewa hadi ngazi gani? Chombo cha majimbo ya kusini, SACSCOC, ambacho kihistoria ndicho kinachohusika na Texas, huvipanga vyuo kwa ngazi. Chuo kilicho ngazi ya kwanza kimeidhinishwa kwa shahada za miaka miwili tu. Kikikuambia kinatoa shahada ya miaka minne, kuna jambo la kukiuliza.

Rafiki yako wa Ohio ana hoja, ingawa maelezo yake yamepitwa kidogo na wakati. Kwa miongo mingi Marekani iligawanywa katika kanda, na vyombo vya kanda hizo ndivyo vilivyosimamia vyuo vikuu vingi vinavyojulikana, vya umma na vya binafsi. Pembeni vilikuwepo vyombo vya kitaifa, vilivyokagua zaidi shule za ufundi, za biashara na za dini. Kanuni zilizoanza kutumika Julai 2020 ziliondoa mgawanyo huo machoni pa Wizara, na vyombo vya kanda sasa vinaweza kukagua chuo cha jimbo lolote. Lakini desturi za vyuo hazifutwi na kanuni. Ofisi nyingi za udahili bado zina mazoea ya kupokea krediti kutoka vyuo vilivyo chini ya vile vyombo vya kanda vya zamani na kuzikataa za wengine. Wala hakuna sheria ya serikali kuu inayokilazimisha chuo kupokea krediti za chuo kingine, hata vyote viwili viwe na ithibati. GAO, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, ilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Kwa hiyo simwiti rafiki yako mwongo. Ukiwa na ndoto ya kuhama au kusoma uzamili, chombo cha kanda bado kinakupa njia pana zaidi. Chuo chenye ithibati ya chombo cha kitaifa kinachotambulika si utapeli, na kwa mtu anayetaka ujuzi mmoja mahususi kinaweza kumfaa. Kwako wewe, na uuguzi, nitakwambia wazi: ningesita.

Na uuguzi una mambo yake. Ithibati ya chuo kizima haitoshi. Zipo ithibati za programu: wahandisi wana ABET, madaktari wana LCME, na wauguzi wana vyombo kama ACEN na CCNE. Chuo kinaweza kuwa na ithibati safi kabisa huku programu yake ya uuguzi ikiwa haina. Hospitali za maveterani za serikali, kwa mfano, huangalia ithibati ya programu wanapoajiri, na vyuo vingi vya uzamili huidai. Juu ya hapo kuna Bodi ya Uuguzi ya Texas. Hii ndiyo huidhinisha programu ambazo wahitimu wake wataruhusiwa kufanya NCLEX, mtihani wa leseni. Bila kufaulu NCLEX hutafanya kazi ya muuguzi aliyesajiliwa Marekani, shahada yako iwe nzuri namna gani. Bodi huorodhesha programu ilizoziidhinisha na kutangaza kila mwaka asilimia ya waliofaulu kwa kila moja. Ukiniuliza namba moja ya kuitazama kabla ya kulipa, ni hiyo. Itazame kwa miaka kadhaa mfululizo.

Kuna mitego miwili ambayo barua yako inaweza kuwa imeificha. Wa kwanza: shahada nyingine za uuguzi zimetengenezwa kwa ajili ya watu ambao tayari ni wauguzi waliosajiliwa na wanataka kupanda ngazi. Wewe umetoka kidato cha sita, kwa hiyo programu ya namna hiyo haitakufikisha kwenye NCLEX. Wa pili: vyuo vingi hudahili kwanza kwenye masomo ya maandalizi, anatomia, kemia, takwimu, kisha baada ya mwaka mmoja au miwili wanafunzi hushindania nafasi chache za programu yenyewe. Hilo halina ubaya, mradi ulijue mapema. Soma barua yako tena uone imekudahili wapi hasa.

Sasa swali lako la mwisho. Ithibati mara chache huondoka usiku mmoja. Kwa kawaida chombo hutoa onyo, kisha hukiweka chuo chini ya uangalizi, kisha hukitaka kijieleze kwa nini kisiondolewe. Hatua hizi hutangazwa hadharani, ndiyo maana nakusihi uufungue ule ukurasa kila muhula, hata ukiwa umeshaanza masomo. Shahada iliyotolewa wakati chuo kina ithibati hubaki kuwa shahada ya chuo chenye ithibati, hata mambo yakiharibika baadaye. Anayeumia ni aliye katikati, kama unavyohofia. Vyombo hukidai chuo kinachofungwa kiandae mpango wa wanafunzi kumalizia kwingine, lakini mpango wa kwenye karatasi ni jambo moja na nafasi halisi ni jingine. ITT Technical Institute, mtandao wa vyuo vya ufundi vya kibiashara, ilipofunga kampasi zake zote Septemba 2016, zaidi ya wanafunzi 35,000 waliachwa njiani, na vyuo vingi havikutaka krediti zao. Chombo kilichokuwa kimeipa ithibati, ACICS, nacho kilipoteza utambuzi wa Wizara mwaka huohuo, kikarudishiwa 2018, kikaupoteza tena 2022. Vyuo vilivyokuwa chini yake vilipewa miezi 18 kutafuta chombo kingine. Hilo likufundishe pia mipaka ya ithibati yenyewe: ni kiwango cha chini kinachotakiwa, na kuna vyuo dhaifu vilivyokaa nayo miaka mingi.

Wamarekani walionaswa katika hali hiyo waliweza kuomba mikopo yao ya serikali ifutwe. Wewe, kwa viza ya F-1, hutapata mikopo hiyo, kwa hiyo hakuna deni la serikali la kufutwa. Fedha za kiwanja zitakuwa zimekwenda. Na chuo kikifungwa au kikipoteza kibali cha SEVP, itakubidi uhamie chuo kingine haraka au uondoke nchini. Ndiyo sababu nakuwekea kizingiti cha juu kuliko ambacho ningemwekea mtoto wa Houston anayeishi kwao.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Chuo kikiwa na ithibati ya chombo kinachotambulika, programu ikiwa na kibali cha Bodi ya Uuguzi, ithibati ya ACEN au CCNE na ufaulu mzuri wa NCLEX, lipa ukiwa na moyo mkunjufu. Kikiwa na ithibati na kibali cha Bodi lakini programu ni mpya na bado inasubiri ukaguzi wa ithibati yake, hatari ipo lakini inapimika. Waulize ukaguzi ni lini na nini kitawapata watakaomaliza kabla. Kikiwa na ithibati ya chuo lakini Bodi ya Uuguzi haiijui programu hiyo, kwako ni hapana. Na kisipoonekana kabisa kwenye hifadhidata, usijadiliane nao. Achana nao, na dola yoyote uliyolipa ya fomu iwe ndiyo ya mwisho. Fikiria pia kuanzia vyuo vya jamii vya miaka miwili. Ada yake huwa nafuu, vingi vina ithibati imara, na majimbo mengi yana makubaliano ya kuhamishia krediti kwenye vyuo vikuu vya umma.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. Barua yako siwezi kuiona nikiwa huku, na ni lazima mtu aisome. EducationUSA ni mtandao wa ushauri wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, na ushauri wake ni bure. Wasiliana nao kupitia ubalozi, nenda na baba, mbebe barua na kila ukurasa uliouchapisha. TCU waulize sasa, kabla ya safari, kama chuo hicho wanakitambua. Ikiwa umeshapewa I-20 na chuo kimeonekana na dosari, usilipe dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, wala kwenda kwenye usaili wa viza mpaka umepata ushauri. Na kama utakuwa umeshafika Texas ndipo mambo yaharibike, mtafute mwanasheria wa uhamiaji siku hiyohiyo, maana ofisa wa chuo kinachozama hawezi kukushauri kwa haki.

Usiku huu waandikie ofisi ya udahili barua pepe yenye maswali manne: chombo gani kimekipa chuo ithibati na tangu mwaka gani, programu ya uuguzi ina ithibati ya nani, je, Bodi ya Uuguzi ya Texas imeiidhinisha kwa wanafunzi ambao si wauguzi bado, na je, nimedahiliwa kwenye programu yenyewe au kwenye maandalizi. Omba pia siku 30 badala ya kumi. Chuo kilicho safi kitakujibu kwa majina na miaka, na utayakuta hayohayo kwenye hifadhidata. Wakikujibu kwa kukukumbusha tu kwamba nafasi zinakwisha, mpigie baba simu umwambie kiwanja hakiuzwi.